Picha ya Nne

Athi River,
Jumapili, 8 Juni 2008

Kwako Shangazi Munyiva,

Nakusalimia sana kutoka huku kwa vumbi la simiti. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unalalamika kwa sababu ya kusimama. Bado niko EPZ kwa kile kiwanda cha nguo, upande wa kukata. Tunakata jinzi mia mia kila siku. Huko Muthetheni mko aje? Mguu wa Mzee Mutuku umepoa? Dada Ngina alinipigia, akasema tumbo limekuwa kubwa na Nzomo hataki abebe hata ndoo. Nilifurahi kusikia mume wa dada yangu ana akili.

Sasa nikuambie kitu. Kuna msichana kwa laini yetu, Mkamba mwenzetu kabisa, aliniuliza kiondo hutengenezwa na mashine gani. Kikapu kinachosukwa kwa mkono, Shangazi! Chakula kilinishinda. Nikaenda kwa saiba, duka la kompyuta na mtandao, ya dada mmoja anaitwa Firdaus, wa wale Waislamu wa Machakos mjini, akanifundisha kufungua blogu. Blogu ni kama lile daftari lako la kazi, lakini liko kwa mtandao. Unaandika, unaweka na picha, na mtu yeyote mwenye kompyuta anasoma mahali aliko. Yangu nimeiita Kiondo cha Muthetheni.

Niko na maneno kidogo lakini sina picha. Naomba umwite Henry wa studio akupige ukifanya kazi, hatua kwa hatua, kutoka kukata mkonge mpaka mkanda wa ngozi. Uandike na maelezo. Nitumie kwa bahasha, Firdaus ako na mashine ya kuziingiza kwa kompyuta. Ningekupigia, lakini najua unavyosema, simu ni ya kuuliza nani amekufa.

Ni mimi kijana wako,
Mwangangi

Muthetheni,
29 Juni 2008

Mwanangu Mwangangi,

Barua yako ilifika, nikaisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikurudishii, nisije nikakuvunja moyo. "Niko na maneno." Maneno unayo, mwanangu, huko nayo popote. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha Kiswahili, na wewe nimekulea katika nyumba hii tangu mamako atuache, halafu unaniandikia kama mtu aliyelelewa na redio ya kinyozi.

Sisi tu wazima. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba, mbaazi ndizo zinatutazama. Mguu wa shemeji yangu Mutuku bado, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Picha ni saba, na nyuma ya kila moja nimeandika maelezo. Sasa nisikilize vizuri. Picha ya nne ni ya kusokota uzi. Unajua uzi husokotwa wapi. Husokotwa pajani, na paja liwe wazi, kwa sababu juu ya nguo uzi huteleza. Nilimwambia Henry apige mikono. Lakini Henry ni mtu wa harusi, amezoea kupiga mtu mzima mzima, kwa hiyo nimo humo na mguu nje mpaka pale ambapo hata daktari huomba ruhusa. Ikate. Bakisha mikono na uzi.

Sina haja ya kukueleza nthoni, ile haya ya wakwe, lakini nakueleza. Mimi ni mama mkwe wa mtu. Nzomo akinikuta njiani huinamisha macho, na jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake tangu amwoe Ngina wangu. Heshima hiyo ndiyo inayomleta hapa kwangu na ndiyo inayomrudisha kwake salama. Mimi ni Mkristo na ubatizo ninao, lakini hili si jambo la kumpelekea padri.

Kula vizuri. Uji si chakula cha mwanamume anayesimama kutwa.

Shangazi yako,
Munyiva

Athi River,
10 Agosti 2008

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi. Nina afya, nina kazi, nina njaa kidogo. Umeona nimetumia "nina" mara tatu?

Blogu imetoka, na picha zote saba! Kila picha ilichukua karibu dakika kumi kupanda. Mtandao wa hapa unatembea kama punda wa maji. Ya sita ilikataa mara mbili, Firdaus akawa ananiangalia na funguo mkononi, anataka kufunga. Lakini zilipanda. Ya nne usijali, nimekata. Inaonekana mikono tu na uzi, ni safi sana, Firdaus mwenyewe amesema ndiyo nzuri kuliko zote.

Nimekuchapishia karatasi uone. Haina rangi, lakini kwa kompyuta rangi ziko. Hapo chini ni maneno ya wasomaji. Kuna mama wa Tala ameandika kwamba umemkumbusha nyanya yake. Kuna nesi yuko Uingereza, kwao ni Kangundo, anasema alisoma akiwa kazini mpaka mgonjwa akamwita mara tatu.

Dada Ngina akijifungua nijulishe hata kwa simu. Hiyo nayo ni habari ya simu.

Mwangangi

Muthetheni,
7 Septemba 2008

Mwanangu,

Ngina amejifungua! Msichana, tarehe thelathini Agosti, wote wawili wazima. Na kwa vile yule wa kwanza alipewa jina la mamake Nzomo, huyu wa pili ni zamu yangu. Ameitwa Munyiva. Ngina anasema Nzomo humwita "Mama" tu, maana jina lenyewe ni langu na hawezi kulitamka. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Kalunde akasikia kwake, akaja kuuliza kuna nini.

Wataniletea mtoto kwa ile sikukuu ya tarehe ishirini Oktoba. Nimepaka nyumba chokaa. Mwangangi, nina miaka sitini na minane. Nataka kumpakata mtoto mwenye jina langu angali mdogo wa kubebeka, kabla mikono hii haijaanza kunikatalia. Sina ombi jingine mwaka huu.

Karatasi yako imezunguka kikundi kizima cha wasusi mpaka imechakaa. Kalunde amenuna, anauliza kwa nini kiondo chake hakimo na yeye ndiye mwenyekiti. Mweke, la sivyo sitapata amani. Na umefanya kazi nzuri. Sisemi hivyo mara nyingi, kwa hiyo usipoteze barua hii.

Munyiva mkubwa

Athi River,
5 Oktoba 2008

Kwako Munyiva mkubwa,

Hongera sana! Nimewanunulia wenzangu wa laini soda kwa sababu ya huyo mtoto.

Kiondo cha Kalunde nimekiweka, na jina lake, na cheo chake. Sasa watu wanaingia kwa blogu kila siku. Hata Nzomo alinipigia Ijumaa. Hakuwa amejua habari ya blogu, ni Ngina alimwambia. Amefurahi sana, anasema wiki hii atawaonyesha watu wa ofisi yake huko Nairobi kazi ya nyumbani kwa mke wake. Unaona sasa, Shangazi, unaenda mpaka ofisini.

Nisalimie Munyiva mdogo akifika.

Mwangangi

Muthetheni,
16 Novemba 2008

Mwanangu,

Natumaini unaendelea vyema. Mvua imenyesha mara mbili, ikaona inatosha, ikaenda zake. Mzee Mutuku anakusalimu.

Hawakuja. Tarehe ishirini nilichinja kuku wawili, nikakaa mlangoni mpaka jioni, nikawala na Kalunde. Ngina alisema kwa simu kwamba Nzomo ana kazi nyingi. Wikendi iliyofuata, kazi. Iliyofuata, gari la rafiki yake limeharibika, kana kwamba siku zote huja kwa gari la rafiki. Nzomo mwenyewe kila mara hunisalimia kupitia kwa mkewe. Siku hizi hata salamu hakuna.

Je, nimewakosea? Nimejipekua sijaona. Wewe husema naye. Niulizie taratibu, usimwonyeshe kwamba naumia.

Shangazi yako

Athi River,
7 Desemba 2008

Kwako Shangazi,

Salamu. Mimi ni mzima. Kazi iko, ovataimu iko, huku joto limezidi. Firdaus anakusalimu. Mguu wa Mzee aukande na maji ya chumvi.

Nzomo sijampata vizuri. Naona ni kazi tu. Watu wa Nairobi mwisho wa mwaka ni hivyo, usijali.

Blogu imelala kidogo kwa sababu ya mitambo. Usiwaambie kikundi bado.

Krismasi sitakuja, tuko na oda kubwa. Nimekutumia sukari na majani na kijana wa Mwala.

Mwangangi

Muthetheni,
28 Desemba 2008

Mwangangi,

Sukari imefika. Asante.

Nimesahihisha barua za watoto tangu kabla wewe hujazaliwa. Najua barua ya mtoto aliyevunja dirisha la shule. Huwa fupi, ina hali ya hewa nyingi, na inauliza habari ya mguu wa mzee. Unajua jambo na unanificha.

Krismasi nilikunywa chai na Kalunde. Juzi Ngina alipiga simu akilia. Anasema kila akitaja kuja kwangu Nzomo husema "si sasa", na hamwambii kwa nini. Mtoto ana miezi minne. Ngina ameamua kwamba mumewe anadharau kwao, na amesema Februari ikiingia bila kuja, atakuja peke yake, na watoto, na masanduku yote. Unaelewa masanduku yote ni nini.

Ulikuwa mtoto mkaidi lakini hukuwa mwongo. Nasubiri.

Munyiva

Athi River,
18 Januari 2009

Mwaitu,

Leo sikuiti shangazi, nakuita mama, kwa sababu niliyemkosea ni mama. Ni mimi.

Ile picha ya nne sikuikata. Nilidhani imekatika. Unapopandisha picha kwa ile blogu, yenyewe inatengeneza kipicha kidogo cha mraba, kinatoka katikati. Na katikati ya picha yako ni mikono. Nilipoona mikono tu kwa ukurasa, na Firdaus amesimama na funguo, nikasema kazi imeisha. Sikujua kwamba ile kubwa imebaki nyuma yake. Mtu akibonyeza kile kidogo, kubwa inafunguka yote. Kwa karatasi niliyokuchapishia huwezi kubonyeza. Mimi mwenyewe sikubonyeza hata siku moja, kwa nini nibonyeze picha naijua?

Nzomo alibonyeza. Aliita watu wa ofisi yake, akawaambia huyu ni mama mkwe wangu, mwalimu, muone mikono yake. Akataka waione ikiwa kubwa. Ikajaa kioo chote mbele ya watu sita. Mzee mmoja Mkamba alitoka nje bila kusema kitu. Nzomo akang'oa waya ya kompyuta kwa ukuta.

Alinipigia hiyo siku. Hakunitukana. Alisema, "Mwangangi, umenifungia njia ya kwa wakwe." Anajua mtu aliyeona kitu kama hicho haingii boma la wakwe mpaka asafishe aibu hiyo, lakini alisema atakuja kusafisha akisema nini? Atafungua mdomo aseme aliona nini, kwa nani? Hata Ngina hakuweza kumwambia, na akaniapisha nisiseme. Niliitoa picha siku hiyo hiyo. Baadaye kila nikifungua blogu naiona ile picha mahali haipo, nikaifunga yote.

Uliniambia nikate, kwa maandishi, na kazi yangu ni kukata. Nimekuletea aibu na nimekunyima mtoto. Nimekuwa nikiogopa kuandika hii barua kuliko kitu chochote. Nisamehe, mama.

Mwangangi

Muthetheni,
1 Februari 2009

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikakaa siku tatu bila kushika kalamu, maana ningekutukana kwa Kiswahili sanifu na maneno hayo hufutika kwa shida.

Nilikasirika. Usidhani sikukasirika. Watu sita, Mwangangi! Nimetembea na leso hadi kwenye vifundo maisha yangu yote. Kwenda kanisani Jumapili ile nilihisi kila mtu amebonyeza. Halafu nikamwambia Kalunde, kwa sababu ningepasuka, naye akafikiri kidogo akasema, "Pole, mwenzangu. Bora basi wangeliona paja hilo miaka arobaini iliyopita." Tulicheka mpaka tukatoka machozi, na machozi yangu hayakuwa ya kicheko yote.

Lakini kilichoniuma zaidi si picha. Ni miezi mitatu. Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia. Wewe umeanika uchi wangu ukaficha wako. Ungeniambia Oktoba, mtoto huyu ningekuwa nimempakata Oktoba.

Nilienda kwa Mzee Mutuku. Nilimwambia tu, "Mkwe ana mzigo." Hakuuliza mzigo gani. Alisema alete mbuzi. Na hapo ndipo ninyi watoto wa mjini mlipopotea. Nani aliwaambia kwamba mtu husimama akahubiri alichoona? Mbuzi hufungwa pale nje, wazee humpokea, humla, njia inafunguka. Hakuna anayeuliza. Ndiyo maana ya mbuzi, asemaye ni yeye ili watu wasiseme. Nzomo amekaa miezi mitatu akitafuta maneno ambayo hakuna aliyemwomba.

Kwa hiyo sikia. Mbuzi ni wa Nzomo, ndivyo ilivyo. Lakini mkwe utamfuata Nairobi wewe mwenyewe, na kutoka soko la Muthetheni mpaka hapa kamba utaishika wewe, watu wakuone. Ngina nimeshamweleza. Nilipanda kilima cha kanisa kutafuta mtandao, nikamwambia mumeo hakudharau kwenu, aliheshimu kupita kiasi. Akasema atafungua masanduku.

Na blogu uirudishe. Wanawake hawa hawajamkosea mtu. Ila tangu leo, picha hukatwa kabla haijatoka mlangoni.

Nakupenda, ingawa hustahili wiki hii.

Munyiva

Athi River,
Jumanne, 24 Februari 2009

Kwako Shangazi,

Nilifika salama Jumapili, na Jumatatu nilikuwa kazini saa moja kamili. Mikono bado inanuka mbuzi.

Najua hukutoka nje Jumamosi, kwa hiyo nikuambie. Tulipofika hapo mlangoni Nzomo alisimama nyuma ya mbuzi, kama mbuzi anaweza kumficha. Mzee Mutuku alimshika mbuzi mgongo, akasema, "Amekonda, lakini ukame ni wa wote." Basi. Nzomo alisubiri kuulizwa, hakuulizwa. Walipompa nyama alikula kama mtu ametoka jela. Tukiwa njiani kurudi alilia, mimi nikaangalia mlima.

Blogu imerudi. Firdaus amenifundisha kukata picha ndani ya mashine kwanza, halafu ndiyo inapanda. Zote saba nimekata upya, na kila moja nimebonyeza. Hata ya mkonge nimebonyeza, na mkonge hauna mkwe.

Mwangangi

Muthetheni,
8 Machi 2009

Mwanangu Mwangangi,

Hujambo? Sisi huku hatujalala vizuri wiki nzima na hakuna anayelalamika.

Walikuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, bila gari la rafiki. Nzomo aliketi nje chini ya ukingo wa paa, amenipa mgongo kama inavyopasa, nami nikakaa ndani karibu na mlango. Nilimsalimu, akaitika. Nikamwuliza habari ya safari, akasema nzuri. Kwa watu wengine hayo ni maneno machache. Ngina akaingia na mtoto, akaniwekea mapajani.

Ni mzito. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitoto kichanga, nikapewa mtu wa miezi sita mwenye meno mawili na msimamo. Alinitazama sana. Nikasema labda hanitaki, nimechelewa, wamezoea sura nyingine. Akashika pua yangu akavuta. Nililia, na sikuficha, na kule nje nikamsikia Nzomo akipenga kamasi.

Nzomo amerudi kazini, Ngina na watoto wamebaki mpaka mvua. Amesema anataka kujifunza kusuka, eti alisoma yale maelezo yangu kwenye kompyuta ya mumewe na kugundua hajui hata kuanza kitako. Miaka yote ameishi na mimi hakuuliza. Ameanza. Kazi yake ni mbaya sana, na sijamwambia. Henry atakuja Jumatano kumpiga picha mikono, nami nitasimama nyuma yake nikiangalia anapiga nini. Maelezo nitakuandikia kwenye karatasi nyingine, kwa kuwa kuna jambo moja kuhusu rangi ya mizizi ambalo mara ya kwanza sikulieleza sawasawa, na wale wa Tala watanicheka. Inachemshwa kwanza na

Ngoja. Ngina yuko mtoni na huyu ameamka. Analia. Naenda kumbeba.